Umesimamishwa na polisi Marekani bila sababu: upinge ushahidi, ulalamike, au udai fidia?

Mtu aliyesimamishwa na polisi nchini Marekani, akapapaswa mwili mzima mbele ya watu, kisha akaambiwa aende zake, hufika nyumbani na swali moja: nikashtaki wapi? Aliyekutwa na kitu mfukoni na kufunguliwa kesi naye ana swali lake: ikiwa walinisimamisha kinyume cha sheria, mbona bado nashtakiwa? Uchungu wa wawili hawa unafanana, lakini mlango wa kubisha si mmoja. Zipo njia kuu tatu. Ya kwanza ni ombi kwa jaji, ndani ya kesi ya jinai, la kutaka ushahidi uliopatikana ukataliwe. Ya pili ni malalamiko kwa idara ya polisi au kwa bodi ya raia inayoichunguza. Ya tatu ni kesi ya madai ya kutaka fidia. Njia ya kwanza inauliza ushahidi ufanywe nini, ya pili inauliza askari afanywe nini, na ya tatu inauliza aliyedhulumiwa alipwe nini. Anayebisha mlango mmoja akitarajia jibu la mwingine hupoteza miezi, na wakati mwingine hupoteza haki yenyewe kwa sababu muda wa kisheria umempita.

Kabla ya kuchagua: je, polisi alivunja sheria?

Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yanawalinda watu dhidi ya kupekuliwa na kukamatwa pasipo sababu ya haki. Kipimo cha kumsimamisha mtu kwa muda mfupi kilitokana na kesi ya Terry dhidi ya jimbo la Ohio, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwezi Juni 1968. Mchana mmoja wa Oktoba 1963, katikati ya jiji la Cleveland, mpelelezi mzoefu aliwaona wanaume wawili wakipokezana kupita mbele ya duka lilelile, kuchungulia dirishani, kisha kurudi kwenye kona kuteta, na wakarudia hivyo tena na tena. Hakuona kosa lolote likitendeka, lakini aliona mwenendo uliomfanya aamini kwamba wanapanga uvamizi. Aliwafuata, akawauliza majina, akampapasa mmoja juu ya nguo na kugusa bastola. Kwa kura nane dhidi ya moja, Mahakama ilisema kwamba hakuvunja Katiba.

Kutokana na uamuzi huo kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Ili kumsimamisha mtu, polisi anapaswa kuwa na shaka yenye msingi kwamba uhalifu unatendeka, umetendeka au unakaribia kutendeka. Ili kumpapasa, anapaswa kuwa na shaka nyingine, kwamba mtu huyo ana silaha na ni hatari. Kusimamishwa kwaweza kuwa halali huku kupapaswa kukiwa haramu.

Shaka yenye msingi ni kipimo cha chini kuliko sababu ya kutosha inayohitajika kumkamata mtu, lakini ni zaidi ya machale. Askari ambaye machale yamemcheza tu, asiyeweza kutaja mbele ya jaji jambo mahususi aliloliona au kuambiwa, hajakifikia kipimo hicho. Anapimwa kwa yale aliyoyajua kabla ya kumsimamisha mtu, kwa hiyo bunduki iliyopatikana baadaye haiwezi kurudi nyuma na kuhalalisha hatua iliyotangulia. Ndivyo ilivyokuwa katika kesi ya kijana wa Florida iliyoamuliwa mwaka 2000: mtu asiyejulikana alipiga simu akisema kijana aliyevaa shati la aina fulani kwenye kituo cha basi ana bunduki, polisi wakamkuta nayo kweli, na bado Mahakama kwa kauli moja ilisema kwamba simu hiyo peke yake haikutosha. Mwaka huohuo, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ilisema kwamba mtu anayetimua mbio ghafla anapoliona gari la polisi, katika eneo linalojulikana kwa uhalifu mwingi, anaweza kusimamishwa.

Kwa upande wa magari, tangu uamuzi wa mwaka 1979 katika kesi ya Delaware dhidi ya Prouse, polisi haruhusiwi kumsimamisha dereva kwa kubahatisha tu ili akague leseni yake. Hata hivyo, msomaji anapaswa kuujua pia uamuzi wa Whren wa mwaka 1996, nami naona ndio unaowavunja moyo watu wengi kuliko mingine yote. Mahakama ilisema kwamba maadamu dereva amevunja kanuni ya barabarani, hata ndogo kiasi gani, nia iliyofichika moyoni mwa askari haiharamishi kusimamishwa huko chini ya Marekebisho ya Nne. Kusimamishwa kwa sababu ya rangi ya ngozi bado kunaweza kupingwa kwa kifungu cha Katiba cha usawa mbele ya sheria, ila kuthibitisha ubaguzi ni kazi nzito. Mwaka 2014, katika kesi ya Heien, Mahakama iliongeza kwamba hata askari aliyekosea kuielewa sheria anaweza kusamehewa ikiwa kosa lake lina mantiki. Dereva yule alisimamishwa kwa taa moja mbovu ya breki, katika jimbo ambalo sheria yake ilidai taa moja tu iwe nzima.

Jambo la mwisho: ikiwa mtu alikuwa huru kuondoka, sheria huyachukulia yaliyotokea kuwa mazungumzo ya hiari, na mazungumzo ya hiari hayahitaji shaka yoyote. Ndiyo maana swali la upole, "Je, niko huru kwenda?", lina uzito mkubwa mahakamani kuliko ubishi wowote wa kando ya barabara.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia hizi tatu kwa mambo yaleyale: kinachopatikana mtu akishinda, anayeamua na mwenye mzigo wa kuthibitisha, muda, gharama na hatari, na aina ya mtu anayefaa kuitumia.

Njia ya kwanza: ombi la kutaka ushahidi ukataliwe

Kinachopatikana. Tangu kesi ya Mapp dhidi ya Ohio ya mwaka 1961, mahakama za majimbo yote hazipaswi kupokea ushahidi uliopatikana kwa kuvunja Marekebisho ya Nne. Jaji akikubali ombi, dawa za kulevya, silaha au maneno yaliyotokana na tukio hilo huondolewa, na mara nyingi mwendesha mashtaka hubaki mikono mitupu na kesi ikafutwa. Hakuna fidia wala adhabu kwa askari.

Anayeamua. Ni jaji, baada ya kumsikiliza askari akiwa chini ya kiapo. Hii ndiyo nguvu ya njia hii: kwa kuwa mtu alipekuliwa bila hati ya mahakama, kwa kawaida ni juu ya serikali kuonyesha kwamba ilikuwa halali. Wakili anaweza kumuuliza askari, dakika kwa dakika, alijua nini kabla hajawasha taa za gari lake, na kulinganisha majibu hayo na picha za kamera aliyoivaa kifuani. Abiria naye anaweza kupinga, kwa maana mwaka 2007 Mahakama ya Juu iliamua kwamba gari likisimamishwa, abiria naye amesimamishwa. Mshtakiwa akitoa ushahidi wakati wa kusikilizwa kwa ombi hili, maneno yake hayawezi kutumiwa na serikali kuthibitisha hatia yake baadaye. Kinga hiyo ilitokana na uamuzi wa mwaka 1968.

Njia hii ina mianya, na mfano ulio wazi zaidi ni wa Rodriguez. Usiku wa manane, mwezi Machi 2012, dereva huyo alisimamishwa Nebraska kwa kuyumba hadi kwenye ukingo wa barabara. Askari alimaliza kukagua karatasi, akamwandikia onyo, akamrudishia leseni yake, kisha akamzuia hadi askari wa pili afike ili mbwa wa kunusa azungushwe kando ya gari. Tangu onyo lilipotolewa hadi mbwa aliponusa dawa za kulevya zilipita dakika saba au nane. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema kwamba shughuli ya kosa la barabarani ikiisha, polisi hawezi kumshikilia dereva hata dakika hizo chache pasipo shaka nyingine yenye msingi. Ushindi huo unanukuliwa hadi leo. Lakini kesi iliporudi mahakama ya rufaa, majaji walisema kwamba askari alifuata sheria kama ilivyoeleweka katika eneo lao wakati ule, hivyo ushahidi ukabaki na hatia ikabaki. Mwanya mwingine ulitokana na kesi ya Utah dhidi ya Strieff ya mwaka 2016: mtu akisimamishwa kinyume cha sheria, kisha ikagundulika kwamba tayari kuna hati ya kumkamata, ushahidi uliopatikana baada ya hapo unaweza kupokelewa.

Muda. Ombi lazima liwasilishwe kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, ndani ya tarehe iliyowekwa na jaji.

Gharama na hatari. Asiyeweza kulipa wakili katika kesi inayoweza kumfunga hupewa wa serikali, kwa hiyo njia hii inaweza isigharimu kitu. Hatari yake ni kwamba mwendesha mashtaka anaweza kuiondoa ahadi ya kupunguza mashtaka mshtakiwa akiamua kupambana.

Anayefaa. Ni mtu mwenye kesi ya jinai inayotegemea kilichopatikana aliposimamishwa. Aliyeachiwa bila mashtaka hana mahali pa kulipeleka ombi hili.

Njia ya pili: malalamiko kwa idara au bodi ya raia

Kinachopatikana. Askari anaweza kuonywa, kupelekwa mafunzo, kusimamishwa kazi kwa muda au, mara chache, kufukuzwa. Mlalamikaji halipwi na ushahidi wa kesi yake hauguswi. Anachobaki nacho ni kumbukumbu rasmi, na nisingependa mtu aidharau: malalamiko kumi ya watu wasiojuana dhidi ya askari mmoja huonyesha desturi ambayo lalamiko moja haliwezi kuionyesha. Jimbo la New York lilifuta mwaka 2020 sheria iliyokuwa ikificha kumbukumbu za nidhamu za polisi, na tangu hapo mawakili huzitafuta wanapoandaa kesi.

Anayeamua. Hapa miji inatofautiana sana. Kwingine idara inajichunguza yenyewe. New York ina bodi ya mapitio ya malalamiko ambayo tangu mwaka 1993 iko nje ya jeshi la polisi, lakini neno la mwisho juu ya adhabu analo kamishna wa polisi. Chicago ina ofisi yake ya uwajibikaji wa polisi iliyoanza kazi mwaka 2017. Faida ya njia hii ni upana: bodi inaweza kushughulikia matusi, vitisho au askari kukataa kutaja jina na namba ya beji, mambo ambayo mahakama inayopima shaka yenye msingi isingeyajali.

Muda. Kulalamika mapema ni bora kwa sababu picha za kamera hufutwa baada ya muda unaowekwa na kila idara. Katika jiji la New York, hatua za kinidhamu kwa kawaida zinapaswa kufunguliwa ndani ya miezi 18 tangu tukio.

Gharama na hatari. Ni bure na haihitaji wakili. Hatari yake haionekani haraka: maelezo yaliyoandikwa na kusainiwa yanaweza kumfikia mwendesha mashtaka. Mwenye kesi ya jinai anayeandika kwa hasira kwamba begi lililopekuliwa lilikuwa lake amempa mwendesha mashtaka kitu ambacho huenda hakuwa nacho.

Anayefaa. Ni aliyeachiwa bila mashtaka, asiyeumizwa, anayetaka askari aulizwe alichokifanya.

Njia ya tatu: kesi ya madai ya kutaka fidia

Kinachopatikana. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1871, ambayo mawakili huiita Kifungu cha 1983, inamruhusu mtu kumshtaki ofisa wa jimbo au wa mji aliyemnyima haki ya kikatiba. Anaweza kupata fidia na, ikitokea, amri ya kubadilisha mwenendo wa idara. Tangu mwaka 1978 mji nao unaweza kushtakiwa, lakini pale tu ambapo uvunjaji wa haki ulitokana na sera au desturi yake. Mfano mkubwa ni kesi ya Floyd dhidi ya jiji la New York, iliyofunguliwa mwaka 2008 na kuamuliwa mwezi Agosti 2013. Jaji Shira Scheindlin alielezwa kwamba kati ya Januari 2004 na Juni 2012 polisi wa jiji hilo waliwasimamisha watu zaidi ya mara milioni 4.4, kwamba zaidi ya asilimia 80 ya waliosimamishwa walikuwa Weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na kwamba kati ya waliopapaswa, silaha ilipatikana kwa asilimia 1.5 tu. Aliamua kwamba jiji lilikiuka Katiba, akaamuru mabadiliko chini ya uangalizi.

Kwa mtu mmoja mmoja, hesabu ni nyingine. Aliyezuiwa dakika kumi bila jeraha anaweza kushinda na kupewa fidia ndogo sana, pengine dola moja ya kutambua tu kwamba haki yake ilivunjwa. Kinachozifanya kesi hizi ziwezekane ni sheria ya mwaka 1976, inayomruhusu jaji kuamuru upande ulioshindwa ulipe ada za wakili wa mshindi.

Anayeamua. Ni jaji au baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, na hapa mzigo wa kuthibitisha uko kwa mdai. Kizuizi kikubwa ni kinga waliyo nayo maofisa: hawalipi fidia isipokuwa haki waliyoivunja ilikuwa imekwisha kuwekwa wazi na maamuzi ya awali yenye mazingira yanayofanana. Colorado mwaka 2020 na New Mexico mwaka 2021 zilitunga sheria za majimbo zinazoruhusu madai ambamo kinga hiyo haitumiki. Kifungu cha 1983 hakiwahusu maofisa wa serikali ya shirikisho, na njia ya kuwadai fidia kwa msingi wa Katiba imebanwa mno na Mahakama ya Juu, hasa kwa uamuzi wa mwaka 2022.

Muda. Hapa ndipo wengi hukwama. Muda wa kufungua kesi hufuata sheria ya jimbo: mwaka mmoja Tennessee na Kentucky, miaka miwili California, miaka mitatu New York. Anayetaka kuongeza madai ya sheria ya jimbo lazima autangulizie mji taarifa rasmi, ndani ya siku 90 New York na miezi sita California. Tena kwa madai ya kukamatwa kinyume cha sheria, uamuzi wa mwaka 2007 ulisema kwamba saa haingoji kesi ya jinai iishe.

Gharama na hatari. Wakili mara nyingi hulipwa kwa sehemu ya fidia, ndiyo maana huzikataa kesi ambazo madhara yake ni madogo. Mdai huhojiwa kwa kina, na maisha yake ya nyuma huchunguzwa. Kama amepatikana na hatia, hawezi kudai fidia kwa hoja ambayo, ikikubaliwa, ingemaanisha kwamba hatia hiyo ni batili, hadi kwanza hatia yenyewe itenguliwe.

Anayefaa. Ni aliyeumizwa, aliyeshikiliwa kwa muda mrefu, aliyeharibiwa mali, au mmoja wa kundi linalosimamishwa mara kwa mara na lenye ushahidi wa desturi.

Kazi ya usiku wa kwanza

Njia yoyote itakayochaguliwa inategemea kumbukumbu moja. Usiku huohuo, andika saa na mahali, ulikuwa ukifanya nini kabla ya kusimamishwa, maneno ya kwanza ya askari, kama aliomba ruhusa ya kupekua na ulijibu nini, mikono yake ilifika wapi, nani alikuwepo, na ni duka au nyumba gani ina kamera iliyoelekea pale. Neno la ruhusa lina uzito wa pekee, kwa sababu mtu akikubali kupekuliwa kwa hiari, upekuzi huwa halali hata kama hakujua kwamba angeweza kukataa. Mahakama ilisema hivyo mwaka 1973. Maandishi haya mpe wakili wako peke yake hadi utakapoamua njia.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na kesi ya jinai, tangulia na njia ya kwanza, na usikiri kosa kabla wakili hajaitazama video na kusoma ripoti ya polisi, kwa sababu kukiri kwa kawaida hufunga mlango wa kupinga ushahidi.

Ukiwa na kesi ya jinai na pia umeumizwa, mwone wakili wa madai mapema, afungue au atayarishe madai kabla muda haujaisha na kutuma taarifa inayotakiwa, ingawa jaji wa madai anaweza kuisimamisha kesi hiyo mpaka ya jinai iishe. Malalamiko ya bodi yasubiri hadi mawakili wote wawili wayaridhie.

Ukiachiwa bila mashtaka wala jeraha, malalamiko huwa ndiyo hatua yenye uwiano mzuri wa juhudi na matokeo. Ukisimamishwa tena na tena mahali palepale, lalamika kila mara, tunza nakala, kisha upeleke rundo hilo kwa shirika la kutetea haki za raia kama ACLU, kwa kuwa kesi ya desturi hujengwa kwa matukio mengi.

Asiye raia wa Marekani ana jambo la ziada. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kanuni ya kukataa ushahidi kwa kawaida haitumiki katika kesi za kumfukuza mtu nchini, ikiacha nafasi kwa uvunjaji wa haki uliokithiri. Mtu anaweza kushinda kwa jaji wa jinai na ushahidi uleule ukatumika kwa jaji wa uhamiaji. Kwa hiyo, kabla ya kukiri kosa, kusaini malalamiko au kufungua madai, muulize wakili wako wa jinai kila hatua itaigusaje hadhi yako ya uhamiaji. Kuhusu kukiri kosa, tangu uamuzi wa mwaka 2010 kukueleza hatari ya kufukuzwa nchini ni wajibu wake. Kuhusu hizo nyingine mbili, mwombe akuelekeze kwa wakili wa uhamiaji kabla hujatia saini popote.